Maungamo ya Imani: Je, Ni Karatasi za Wanadamu?

Neno moja limeenea siku hizi katika vijiji vya Ufipa, toka Matai hata Kasanga, na hapa kwetu Mwimbi twalisikia karibu kila juma. Lasemwa sokoni, lasemwa katika mikutano ya vipaza sauti, na sasa limeanza kusemwa hata na baadhi ya wazee wa kanisa. Neno lenyewe ni hili: kwamba Mprotestanti ana Biblia, na mwenye Biblia hana haja ya ungamo la imani lililoandikwa na watu, kwamba Imani ya Mitume, Katekisimo, na maungamo ya kale ni karatasi za wanadamu, tena za Wazungu, zimzuiazo Roho. Wako waliokwisha kuomba kwamba Imani ya Mitume isitamkwe tena siku ya Jumapili, maana ni jambo la kukariri tu.

Sisi tulio walimu twalikataa neno hilo. Wala hatulikatai kwa kupenda vitu vya kale kwa sababu ni vya kale. Twalikataa kwa kuwa tumetazama ni nani apataye faida ungamo likiondolewa, na ni nani apataye hasara. Na tumeona kwamba faida ni ya mwenye kipaza sauti, na hasara ni ya mama aliyeketi chini akisikiliza.

Mkulima wa Rukwa ajua habari ya vipimo kuliko mtu wa mjini. Wakati wa mavuno mnunuzi huja na debe lake mwenyewe, ambalo kitako chake kimegongwa hata kikatuna. Au hutaka gunia lijazwe kwa lumbesa, likiwa na kilemba juu kama mtu aendaye arusini. Mkulima akinung'unika huambiwa, "Debe ni debe, macho unayo." Dawa ya ugomvi huo ni mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama. Basi mizani si mahindi, wala hakuna mtu aliyeshiba kwa kula mizani. Tena mizani hutengenezwa na watu, nayo huweza kuharibika. Ndiyo sababu hurudishwa kupimwa kwa mawe yaliyo sahihi. Lakini mtu akija kijijini akasema, "Ondoeni mizani, mahindi yatosha," yafaa aulizwe upesi debe lake liko wapi.

Mambo ya kanisa ni kama hayo. Biblia ndiyo jiwe la kupimia, nalo halibadiliki. Ungamo ni mizani iliyopimwa kwa jiwe hilo, ikatiwa alama, ikawekwa mahali ambapo kila mtu aweza kuiona. Mhubiri na mahubiri yake ndiyo gunia lipimwalo. Hakuna Mprotestanti wa kweli aliyepata kusema kwamba mizani ni sawa na jiwe. Maungamo yetu yenyewe yakiri kwamba Maandiko ndiyo hakimu wao.

Mtu asiye na ungamo hayuko duniani. Mwulize yule asemaye kwamba ana Biblia tupu: Je, mgonjwa aombewaye asipone, amekosa imani? Je, mtoto mchanga abatizwe au asibatizwe? Je, chupa ya mafuta ina nguvu kwa kuwa mtumishi ameigusa? Je, fedha itolewayo madhabahuni hurudi mara saba? Atakujibu mara moja, wala hatakuambia, "Soma mwenyewe." Majibu yake ndiyo ungamo lake. Tofauti yake na ungamo letu ni kwamba lake li kinywani, nalo huweza kuwa hivi leo na vile kesho, wala msikilizaji hana mahali pa kuweka kidole aseme, "Bwana, hapa umeacha tuliyopatana." Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiandika madeni ya chumvi na sabuni dukani, kwa nini tuone haya kuandika yale tunayoyategemea saa ya kufa?

Biblia yatosha, wasema. Nasi twasema vivyo hivyo: yatosha kwa wokovu, wala haipungukiwi na kitu. Lakini someni Mathayo mlango wa 4 mwone ni nani mwingine alinukuu Maandiko, akichukua maneno ya Zaburi ya 91 na kuyapindua juu ya kinara cha hekalu. Arius wa Iskanderia, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, hakufundisha hivyo kwa kuitupa Biblia. Alikuwa na mafungu yake tayari, mojawapo katika Mithali mlango wa 8, jingine katika Yohana mlango wa 14. Kwa ajili hiyo mababa waliokutana Nikea mwaka 325 hawakuweza kumjibu kwa kurudia mafungu tu, maana kila fungu walilolitaja alilipokea na kulipa maana yake. Ikawabidi kusema waziwazi, kwa maneno ambayo hangeweza kuyapokea na kuyageuza, kwamba Mwana ni Mungu kweli pamoja na Baba. Hiyo ndiyo kazi ya ungamo: kusema Biblia yamaanisha nini pale ambapo watu wawili wameshika Biblia moja na kwenda njia mbili. Hata yule towashi wa Kushi, katika Matendo mlango wa 8, alikuwa na chuo cha Isaya mkononi, naye alisoma vizuri. Akahitaji mtu wa kumweleza ni habari za nani. Filipo hakumwambia kwamba chuo chatosha, akashuka garini.

Tena Biblia yenyewe imejaa maungamo. Israeli walipewa la kutamka katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 6. Petro aliulizwa swali akajibu kwa ungamo. Paulo, katika mlango wa 15 wa waraka wa kwanza kwa Wakorintho, awakumbusha maneno aliyoyapokea yeye mwenyewe kwa wengine, akawapa jinsi alivyopokea: kufa, kuzikwa, kufufuka, kuonekana. Mtume huyu, aliyemwona Bwana njiani, hakuona haya kukariri.

Jirani zetu wengi katika Ufipa ni Wakatoliki. Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885, wakajenga misheni baada ya misheni, na mtu akienda leo Sumbawanga aona matunda ya kazi yao. Jirani hawa wana Papa, wana askofu, tena wana Katekisimu iliyochapwa. Mababa zetu wa Kiprotestanti walimkataa Papa, wakasema kwamba neno la mwisho ni la Maandiko. Vema. Lakini walipomwacha Papa hawakumwacha kila mtu awe Papa katika boma lake. Waliandika wanayoamini, wakayatia sahihi, wakayaweka mbele ya watu wote. Sisi tukiyatupa hayo pia, hatutakuwa tumebaki na Biblia peke yake. Tutabaki na Biblia na mapapa wadogo wengi, kila mmoja na gari lake na kipaza sauti chake, ambao hakuna mkutano wa kanisa uwezao kuwauliza neno.

Pengine msomaji asema kwamba twazidisha. Basi tuyatazame mambo yaliyotokea si mbali na mpaka wetu. Mwaka 1925 alitokea Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mtu mmoja aitwaye Tomo Nyirenda. Alikuwa mtu wa Nyasaland, naye alikuwa amesoma katika shule ya misheni ya Livingstonia. Akaingia katika mafundisho ya Watchtower kama yalivyohubiriwa wakati ule na wahubiri waliotembea wenyewe, pasipo kutumwa na chama chenyewe. Akaanza kubatiza watu wa Walala kwa kuwazamisha mtoni. Watu walimwita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, maana Lesa ni jina la Mungu katika lugha nyingi za upande huu. Baada ya muda mfupi ubatizo wake uligeuka kuwa kipimo cha uchawi. Wale ambao, kwa kusema kwake, maji yaliwakataa, walihesabiwa kuwa wachawi, wakauawa. Makumi kwa makumi walikufa, kule na katika Katanga ng'ambo ya mpaka, hata akakamatwa. Naye akanyongwa mwaka 1926.

Tuyafikiri mambo haya kwa utulivu, maana twaishi katika nchi ambayo mji wake mkuu waitwa Sumbawanga, na watu hueleza jina hilo kuwa ni kutupa uchawi. Hofu ile twaijua. Watu wale hawakuwa wajinga kutupita sisi. Walitaka ubatizo, neno "ubatizo" walilijua, maji walikuwa nayo, mhubiri alikuwa na Biblia. Kilichokosekana ni jibu fupi la swali fupi: Ubatizo ni nini? Mtoto aliyefundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, hulijibu swali hilo kabla hajaota ndevu: ni maji yaliyofungwa pamoja na neno na ahadi ya Mungu, kwa ondoleo la dhambi. Ahadi haimtafuti mchawi. Mwanamke mmoja mwenye jibu hilo moyoni, akisimama ukingoni mwa mto na kusema, "Hivi sivyo tulivyofundishwa," angalikuwa na kitu cha kusimamia. Hatusemi kwamba angaliokoka. Twasema kwamba angalijua.

Mpinzani mwenye akili atatuambia hapa: "Lakini misheni ya Livingstonia, iliyomfundisha Nyirenda kusoma, ilikuwa ya Waskoti, na Waskoti walikuwa na Ungamo la Westminster la mwaka 1647, nalo halikumzuia." Ni kweli, wala hatulifichi. Ungamo lile lilikuwa kitabu cha wachungaji waliosoma Uskoti. Halikuwa kitabu cha mama mwenye jembe. Mizani iliyofungiwa ofisini haipimi gunia la mtu. Na upande huu wa kwetu mambo yalikuwa namna nyingine. Misheni ya Kiprotestanti iliyokuwa karibu nasi zaidi ilikuwa ya Chama cha Misheni cha London, waliojenga Kawimbe na Niamkolo, kusini mwa ziwa Tanganyika. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1795, na mwaka 1796 kiliweka kanuni yake ya msingi, kwamba hakitapeleka kwa mataifa mfano wowote wa kanisa, wala wa maaskofu wala wa wazee, bali Injili tu, na waongofu wenyewe watachagua. Nia ilikuwa nzuri sana, nasi twaiheshimu. Lakini katika miaka ya 1917 hata 1919, wahubiri wa Watchtower waliorudi kutoka migodi ya kusini walipopita katika nchi ya Wamambwe wakitangaza mwisho wa dunia, vijiji vingi viliwafuata mara moja. Mkristo ambaye hajapewa maneno ya imani yake hukopa maneno ya yule ajaye kwanza.

Kama hayo ni ya kale mno kwa wasomaji vijana, wakumbuke Shakahola, katika kaunti ya Kilifi huko Kenya, mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge hata kufa ili wamwone Yesu. Hapo hatuna haja ya kuongeza maneno mengi.

Neno la pili wasemalo ni kwamba maungamo ni mambo ya Wazungu. Athanasius, aliyeitetea imani ya Nikea maisha yake yote na kufukuzwa mjini kwake mara tano kwa ajili yake, alikuwa askofu wa Iskanderia katika Misri. Kama imani ya Nikea ni ya Wazungu, basi Wazungu waliikopa Afrika, na ingefaa tuwadai.

Lakini hata lile Ungamo la Augsburg, ambalo kweli lilizaliwa Ujerumani, yafaa tuangalie ni nani walilitia sahihi. Liliandikwa na Philipp Melanchthon, mwalimu. Martin Luther mwenyewe hakuweza kufika, maana alikuwa mtu aliyetengwa na sheria. Tarehe 25 Juni 1530 lilisomwa mbele ya Kaisari Karl V, nalo lilisomwa kwa Kijerumani, lugha ya watu, na msomaji, Christian Beyer, alipaza sauti hata waliosimama nje walisikia. Waliotia sahihi walikuwa watawala na mabaraza ya miji miwili, Nuremberg na Reutlingen. Hakuna jina la padre hata moja pale chini. Watu wasio makasisi walisimama mbele ya mkuu wa dola, wakasema: haya ndiyo yanayofundishwa katika makanisa yetu, nasi twayajibia. Tungependa kila mzee wa kanisa wa Ufipa ajiulize kama aweza kufanya hivyo mbele ya diwani tu, achilia mbali Kaisari.

Na tuje karibu zaidi. Huko Afrika ya Kusini, mwaka 1857, sinodi ya kanisa la Dutch Reformed iliruhusu Wakristo weusi na weupe watengwe katika ibada, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, yaani kwa ajili ya weupe waliokataa kushiriki kikombe kimoja na wenzao. Mwaka 1881 waliotengwa walipewa kanisa lao mbali. Udhaifu ukawa desturi, desturi ikawa mafundisho, na mafundisho yakaibariki serikali ya ubaguzi. Kisha wale waliotengwa waliandika. Ungamo la Belhar lilitungwa mwaka 1982, likakubaliwa mwaka 1986, nalo lasema kwamba umoja wa kanisa ni zawadi na amri ya Kristo, na kwamba mafundisho yatengayo watu kwa rangi hayapatani na Injili. Karatasi hiyo ilitoka katika kanisa lao wenyewe. Walichukua imani ileile waliyofundishwa, wakaigeuzia waliowafundisha, wakawaambia, "Someni." Je, wangalifanya hivyo kwa imani isiyoandikwa popote? Wangaliambiwa kwamba wameelewa vibaya.

Hapo pia lipo jibu la wale wasemao kwamba makanisa yenye maungamo yamepotea vilevile. Yamepotea, tena vibaya. Ujerumani ilikuwa na Augsburg, ilikuwa na Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, na bado Wakristo wengi wa huko walimpigia Hitler makofi, wakataka wachungaji wa damu ya Kiyahudi waondolewe madhabahuni. Lakini mwezi wa Mei 1934 wengine walikutana mjini Barmen, Walutheri na Wareformed pamoja, wakatoa tamko, lililoandikwa zaidi na Karl Barth, kwamba kanisa lina Bwana mmoja wala halichukui amri ya imani kwa mwingine. Tamko hilo lilikuwa na upungufu: halikuwataja Wayahudi, na Barth mwenyewe alisikitika baadaye. Hata hivyo aliyepotoka aliweza kuonyeshwa njia aliyoiacha. Mahali pasipo njia iliyochorwa, hakuna apotokaye. Kila mtu yuko sawa.

Neno la tatu, ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba maungamo yawagawanya Wakristo. Wanaosema hivyo hutaja ugomvi wa Kikuyu, nasi twafurahi kwamba wanautaja, maana watu wachache wanaujua vizuri.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti wa Afrika ya Mashariki walikutana Kikuyu, katika misheni ya Waskoti. Walikuwako Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, na watu wa Africa Inland Mission. Waliona vibaya kwamba Mkristo Mwafrika akihama kutoka nchi ya misheni hii kwenda nchi ya misheni ile huhesabiwa kama mgeni. Wakataka shirikisho. Na walipotafuta msingi wa kushikamana, waliuweka katika Maandiko pamoja na Imani ya Mitume na Imani ya Nikea. Angalieni neno hili: watu waliotaka umoja ndio waliotafuta ungamo lililoandikwa, kwa sababu hawakupata kitu kingine ambacho wote wangeweza kukishika kwa pamoja. Mwisho wa mkutano walishiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza.

Ndipo Frank Weston, askofu wa Unguja, akawaka moto. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashitaki Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda kwamba wameeneza uzushi na mafarakano, na habari ikajaza magazeti ya Uingereza. Weston hakuwa mtu mdogo. Aliwapenda Waafrika na kuwatetea, na hatusemi kwamba hoja zake zote zilikuwa za bure, ingawa katika jambo la Meza sisi twasimama na Kikuyu. Lakini tazameni jinsi walivyogombana. Kila upande ulitoa maandishi yake, ukasema: hapa ndipo tunapopatana, hapa ndipo tusipopatana. Kwa kuwa mambo yaliandikwa, ugomvi ulikuwa na mipaka, na baadaye waliweza kuurudia. Shirikisho lile halikutimia kama lilivyotakiwa. Lakini mwaka 1918 walikutana tena Kikuyu, na Weston mwenyewe akaja. Na muungano wa misheni ulioanzishwa wakati ule ndio uliofungua shule ya Alliance mwaka 1926. Makanisa yetu ya siku hizi yagawanyikayo katika Ufipa hayagawanyiki hivyo. Yagawanyika usiku, kwa ajili ya mtu na sadaka, na asubuhi kuna bati jipya upande wa pili wa barabara, na hakuna awezaye kusema tofauti ya mafundisho ni ipi.

Na kwa habari ya kuunganisha, tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalifanyika kanisa moja, lile tuliitalo KKKT. Yalikuwa yamezaliwa na wamisionari wa Ujerumani, wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya, na wa Marekani, kila misheni na lugha yake na desturi zake. Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa na Wabena hawakuwa na chakula kimoja wala ngoma moja. Ungamo walikuwa nalo moja, la Augsburg, na Katekisimo moja.

Twamalizia na neno la karibu kabisa. Kanisa la Moravian, ambalo lina jimbo lake hapa Rukwa, lina watu wengi zaidi katika Tanzania kuliko katika nchi nyingine yoyote ya dunia, nao wako Wamoravian wasemao kwa fahari, "Sisi hatuna ungamo." Wamelisikia nusu ya neno. Ni kweli kwamba Umoja wa Ndugu haukutunga mfumo wake wa mafundisho, kwa kuwa wauamini ukuu wa siri ya Kristo, ambayo usemi wa mwanadamu hauwezi kuimaliza. Lakini hati iitwayo Msingi wa Umoja, iliyokubaliwa na sinodi kuu huko Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1957, yayataja kwa majina maungamo ambayo Ndugu wameyaheshimu: Imani ya Mitume, ya Nikea, na ya Athanasius, ungamo la Ndugu wenyewe la mwaka 1535, walilompelekea Mfalme Ferdinand, Augsburg, Katekisimo Ndogo, Heidelberg, hata Barmen. Na hati hiyo ilipitiwa tena mwaka 1995, na mahali ilipopitiwa palikuwa Dar es Salaam. Mizani ilipimwa tena katika nchi yetu, na wajumbe wa kwetu wakiwapo. Ni vigumu kuendelea kuiita ya Wazungu.

Tena yule Mmoravian asiye na ungamo, tumwulize hufanya nini alfajiri ya Pasaka. Kabla ya jua kutoka ushirika wakusanyika makaburini, kati ya matuta ya baba na mama na watoto, baridi ya Ufipa ikiuma, na wote kwa sauti moja watamka wanayoyaamini juu ya Baba aliyewaumba, na Mwana aliyewakomboa, na Roho awatakasaye, na ufufuo wa waliolala pale. Litania ile ni ungamo toka mwanzo hata mwisho. Ndugu wa Herrnhut walianza kwenda makaburini hivyo mwaka 1732. Hatujasikia mtu yeyote aliyefiwa akilalamika saa ile kwamba maneno ni ya kukariri. Mtu akiwa na uchungu hatungi, hushika alichopewa.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa wasiiondoe Imani ya Mitume katika ibada, bali waifundishe, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, Kilungu na Kimambwe, maana lawama ya kukariri yatuhusu sisi walimu wa katekumeni zaidi ya kitabu chenyewe. Anayepokea vijana wa kipaimara asiridhike na mtoto aliyetaja jibu, amwulize, "Na mhubiri akikuambia kinyume cha hilo, utamjibuje?" Kila nyumba ya Kikristo iwe na Katekisimo, bei yake ni ndogo kuliko chupa ya mafuta yanayouzwa mikutanoni. Na mtu mgeni akiomba madhabahu, asomewe ungamo la kanisa mbele ya baraza, aulizwe kama alipokea, na jibu lake liandikwe katika kitabu cha mikutano pamoja na tarehe.

Na wale waendeleao kusema kwamba hawana ungamo ila Biblia, twawaomba jambo moja la haki. Waandike katika karatasi moja, kwa lugha ambayo mkulima aifahamu, wanavyofundisha juu ya ubatizo, juu ya mgonjwa asiyepona, juu ya uchawi, na juu ya fedha ya sadaka inakwenda wapi. Watie sahihi, waibandike mlangoni mwa kanisa lao kwa mwaka mmoja, wasiibadilishe. Karatasi na wino vipo shuleni, nasi hatutawatoza kitu.